Kabla Duka Halijafungwa: Kuishi Nashville kwa Albamu Moja Moja

Miaka saba nilipita mbele ya duka la santuri la Ernest Tubb, mwimbaji wa zamani wa muziki wa country, pale Broadway, mtaa wa baa na muziki hapa Nashville, Marekani, nikienda kazini. Lilikuwa na bango la taa lenye umbo la gita, na kila nilipoliona nilijiambia nitaingia Jumamosi. Duka lilikuwa mtaani hapo tangu 1951. Mwaka 2022 likafungwa, nami sikuwa nimenunua mle hata santuri moja. Naanza na aibu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifundisha karibu yote nitakayosema, na kwa sababu kila baada ya wiki chache mtu wa Nakuru, Eldoret au Goma huniandikia: nakuja Nashville, nianzie wapi kusikiliza country?

Tusidanganyane. Wengi wetu tulikuja na Nashville yetu kichwani. Yangu ilitoka kwenye redio ya baba. Jioni KBC, redio ya taifa ya Kenya, ikirusha kipindi cha Sundowner, hakuna mtoto aliyethubutu kuongea mwimbaji wa country Jim Reeves akiimba. Desemba ikifika, kabla hata mbuzi hajanunuliwa, albamu yake ya Krismasi ya 1963 ilikuwa imeshazungushwa mpaka kanda ikaliwa na mashine. Baba hakujua kwamba Reeves alikufa Julai 1964, kwa ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe, karibu na Brentwood, mwendo mfupi tu kusini mwa mji huu. Nilipomwambia kwa simu alinyamaza kidogo. "Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunamsikiliza marehemu?"

Nashville hiyo ya redio hutaikuta Broadway. Utakuta baa za ghorofa tatu, nne, zenye majina ya waimbaji mashuhuri, mabibi harusi watarajiwa na marafiki zao wa kike wenye kofia za kaoboi za rangi ya waridi, na bendi zinazoanza kupiga muziki watu wakiwa bado wanakunywa chai. Sisemi usiende. Wale wapiga gita ni mafundi hasa, na mlangoni mara nyingi hulipi kitu. Riziki yao ni ndoo ya bakshishi inayopitishwa, basi weka noti, usijifanye unasoma simu. Ila nenda mchana, siku ya kazi. Mimi nafanya usafi kwenye hoteli ya jirani, na Jumapili asubuhi huiona Broadway kutoka upande wa mashuka. Upande huo hauna wimbo.

Ninachowashauri wanaoniandikia ni kuchukua albamu moja nzima kwa mwezi, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na kuishi nayo. Nyimbo ambazo simu imekuchagulia ziache kwanza. Albamu nyingi za zamani za country hazizidi nusu saa, na mimi hiyo ndiyo safari yangu ya basi kutoka Nolensville Pike hadi mjini. Naanza nayo kituoni, inaisha nikishuka. Ukisikiliza hivyo wiki nne, unaanza kujiuliza ilirekodiwa wapi, nani alipiga, jengo lenyewe bado lipo? Hapo ndipo mji unapokufungukia.

Mwezi wa Dolly Parton nilikuwa na Coat of Many Colors, ya 1971. Wimbo wenye jina hilo unahusu koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya vitambaa, watoto shuleni wakamcheka. Mimi nilikuwa na sweta ya shule iliyofumuliwa kutoka sweta mbili na kufumwa upya, mkono mmoja umekolea kuliko mwingine. Nililia ndani ya basi, mzee mzima. Wiki hiyohiyo nikakata tiketi ya kutembelea RCA Studio B, studio aliyorekodia Dolly, iliyojengwa 1957 kwenye Music Row, mtaa wa studio na kampuni za muziki. Nenda, usiahirishe. Ni chumba cha kawaida kabisa, kidogo kuliko unavyodhani. Sakafuni pana alama ya X mahali ambapo sauti ya mwimbaji ilikaa vizuri kuliko kwingine, na Reeves naye alirekodi humohumo. Wanaowatembeza wageni husimulia kwamba Dolly, akiwahi kikao chake cha kwanza, aliligonga jengo kwa gari. Jirani yake, Studio A, ilinusurika chupuchupu mwaka 2014: ilikuwa ibomolewe, wanamuziki wakapiga kelele, ikapata mnunuzi wa kuiokoa. Nyumba nyingine za mtaa huo hazikupata mtu wa kuzipigia kelele.

Mwezi wa Ray Charles, mwimbaji mweusi wa soul, ulinipeleka mbali zaidi. Modern Sounds in Country and Western Music, ya 1962, haikurekodiwa Nashville, lakini ilinipa jibu kwa mwenzangu mmoja kazini aliyeniambia kwamba mtu mweusi kupenda country ni kujipendekeza. Nikaanza kuchimba. Nikamkuta DeFord Bailey, mjukuu wa watumwa, mpiga harmonika aliyekuwepo hewani usiku ule wa 1927 kipindi cha country cha kituo cha redio cha WSM kilipopewa jina Grand Ole Opry. Aliachishwa 1941, akaishi kwa kung'arisha viatu. Jumba la heshima la muziki wa country lilimwingiza 2005, miaka zaidi ya 20 baada ya kufa kwake. Nikaenda pia Jefferson Street, ambako mpiga gita Jimi Hendrix alikuwa akipiga kwenye vilabu kabla dunia haijamjua. Miaka ya 1960 barabara kuu ya I-40 ilipitishwa katikati ya mtaa huo wa watu weusi, na vilabu vingi vikaenda nayo. Kwa hiyo mtu akikuambia Nashville imeanza kubomolewa juzi na matajiri wa teknolojia, muulize kuhusu Jefferson Street.

Hata hivyo ya juzi nayo yanauma. Nyumba ya chini iliyokuwa mkabala na kwangu ilibomolewa, kiwanja kilekile kikaotesha nyumba mbili nyembamba ndefu kama masanduku ya viberiti yaliyosimamishwa. Kodi yangu imepanda mara tatu. Usitafute nyumba karibu na muziki, tafuta karibu na basi. Nolensville Pike utapata mkate wa Wakurdi ukiwa bado moto, na majirani watakaokusalimia.

Kwa muziki wa kukaa kitako, nenda Station Inn Jumapili usiku. Ni kibanda cha mawe kilichozingirwa na maghorofa ya vioo mpaka unaona huruma, na siku hiyo wapigaji wa bluegrass, ndugu wa country unaopigwa kwa ala za nyuzi, huketi kwa duara bila kiingilio. Bluebird Cafe, ukumbi mdogo wa watunzi wa nyimbo, imo kwenye safu ya maduka ya kawaida, viti kama 90, na tiketi zake huisha upesi, hivyo jaribu Jumatatu, siku ya wanaojitokeza kuimba nyimbo zao. Onyo moja: sisi tumezoea kupiga soga bendi ikiendelea. Pale ukiongea utanyamazishwa na meza nzima. Mimi nilinyamazishwa.

Santuri zilizotumika nanunua sasa Grimey's, ndani ya jengo lililokuwa kanisa, na nikiona duka nimeingia siku hiyohiyo, hata kama basi litaniacha. Ndivyo nilivyoipata ile ya Krismasi ya Reeves, jalada limechanika pembeni. Nilikuwa nimeicheza kwa simu chumba cha kufulia, nikikunja taulo na mama mmoja wa Bukavu ambaye kazini sote tunamwita Mama tu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Uyu muzungu anaimba sawa mutu mwenye iko na deni."

Kesho yake nilimletea santuri yenyewe aione. Aligeuza jalada, akafuta vumbi kwa kona ya taulo, akaniomba aende nayo nyumbani.

"Lakini Mama, una mashine ya kuipigia?"

"Sina. Wewe niachie tu, mashine nitatafuta."