Maneno magumu yamejaa daftarini, insha inarudi na mistari myekundu

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasoma sosholojia. Nimetoka shule ya kata na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Tangu kidato cha tano naandika msamiati mgumu kwenye daftari, neno kushoto na maana yake kwa Kiswahili kulia: "ubiquitous", "plethora", "ameliorate" na mengine mengi. Nausoma kila usiku lakini baada ya wiki unayeyuka. Nikiutumia kwenye insha, mhadhiri anapiga mstari. Juzi niliandika "The government should ameliorate the poor citizens", akasema neno si lake, wakati kamusi inasema ni kuboresha. Nakosea wapi? Na je, niache kabisa kujifunza kwa kutafsiri?

Jibu: Marahaba. Nianze na hiyo sentensi, maana ndani yake mna karibu majibu yote.

Kamusi haikukudanganya, ila imekupa nusu ya neno. Nusu ya pili ni maneno ambayo neno hilo huandamana nayo. "Ameliorate" hutaka kitu kibaya kinachopunguzwa makali: hali ngumu, tatizo, mateso, athari za ukame. Mwananchi mwenyewe haingii hapo. Ungeandika "ameliorate the living conditions of poor citizens", mhadhiri angepita bila kusimama. "Enhance" huenda na kitu ambacho tayari ni kizuri na kinaongezwa ubora, kama "quality", "understanding" au "reputation". "Upgrade" ni ya barabara, mitambo na mifumo. "Improve" hukubali karibu kila kitu, nami ningefurahi kuona wanafunzi wakiitumia bila kuona haya, kwa sababu haishushi hadhi ya insha hata kidogo. Sisi kwa Kiswahili tunaboresha vyote hivyo kwa kitenzi kimoja: maisha, barabara, elimu, mbegu. Kwa hiyo ukiandika "boresha" mbele ya maneno hayo manne, umeandika ukweli usiokusaidia kuchagua.

Mfano mwingine ninaokutana nao mara kwa mara kwenye insha ni "education causes development". Sarufi haina kosa, na kwa Kiswahili "elimu husababisha maendeleo" haimshtui mtu. Lakini "cause" kwa kawaida huandamana na balaa: "cause damage", "cause delays", "cause death". Maendeleo huletwa kwa "lead to", "promote" au "contribute to". Halafu kuna "discuss about", ambayo imezaliwa moja kwa moja na "jadili kuhusu" yetu. "Discuss" haihitaji kihusishi kama "about", unasema "discuss the causes of poverty" basi. Na "research" haichukui "a" wala "s" ya wingi: "conduct research", kamwe si "make a research". Makosa ya namna hii ndiyo yanayokula alama zako. Uhaba wa maneno makubwa haujakuponza.

Basi badilisha daftari. Acha kuandika neno pekee. Andika kipande cha sentensi ulichokikuta kwenye makala mliyopewa kusoma, chenye neno hilo na majirani zake wa kushoto na kulia. Hata vipande vitano kwa siku ni vingi.

Sasa, maneno gani? Hapa ndipo wanafunzi wengi wenye bidii hupoteza nguvu. Mwaka 2000 Averil Coxhead, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoipata kwa kuchambua maandishi ya chuo yenye maneno milioni 3.5, kutoka fani za sanaa, biashara, sheria na sayansi. Aliondoa kwanza maneno 2,000 hivi ya kawaida ambayo kila mwanafunzi huanza nayo, kisha akatazama yapi hujirudia katika fani zote. Zikabaki familia 570 tu za maneno, yaani neno pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja. Familia hizo hubeba takribani asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, ilhali katika hadithi za kubuni ni asilimia 1.4. Ndiyo sababu mtu anaweza kusoma riwaya nyingi za Kiingereza, akaongea vizuri kabisa, na bado akakwama kwenye makala ya sosholojia.

Ukiiona orodha hiyo utashangaa jinsi isivyotisha: "assume", "constitute", "derive", "indicate", "interpret", "significant", "vary". Sina shaka umeyaona yote. Lakini kuliona neno na kuweza kuliandika mahali pake ni uwezo mbili tofauti. Je, unaweza kuandika sasa hivi, bila kuchungulia popote, sentensi yenye "constitute"? Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yako, na "plethora" inaweza kusubiri. Ukichukua familia 10 kwa wiki, utamaliza orodha nzima kwa mwaka mmoja na wiki chache, yaani kabla hujaanza mwaka wa tatu. Orodha inapatikana bure kwenye intaneti, na imegawanywa katika mafungu 10 kwa mpangilio wa matumizi. Anza na la kwanza.

Kuhusu kuyeyuka kwa maneno: unayasoma kila usiku, na kusoma ndiko kunakokulaghai. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo sisi tuna haki ya kulipenda. Wanafunzi wa chuo kikuu Marekani walijifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, mathalani mashua na "boat". Wote walifika mahali pa kuyajua yote. Ila mwanafunzi akishalikumbuka neno mara moja, baadhi yao waliendelea kuulizwa neno hilo, na wengine hawakuulizwa tena. Baada ya wiki, walioendelea kuulizwa walikumbuka takribani asilimia 80. Wasioulizwa walikumbuka kama theluthi, hata wale walioendelea kulisoma tena na tena. Kinachonigusa zaidi ni kwamba walipotakiwa kubashiri watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia nusu hivi. Mtu hajihisi anasahau. Anapopitisha macho kwenye ukurasa anaouzoea, anadhani anajua.

Kwa hiyo funika upande mmoja wa daftari na ujiulize. Afadhali zaidi, kata kadi za manila: mbele andika sentensi yenye pengo, nyuma neno. Weka bahasha tatu. Kadi mpya hukaa bahasha ya kwanza na huulizwa kila siku. Ukiipata inahamia ya pili, inayofunguliwa kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena inakwenda ya tatu, ya mara moja kwa wiki. Ukikosa, inarudi mwanzo. Mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner aliueneza mtindo huu katika miaka ya 1970, na ukiwa na simujanja, programu ya Anki hukupangia siku yenyewe.

Usijifunze neno likiwa mkiwa bila ndugu zake. Sisi hatuhangaiki na soma, somo, msomi, usomaji. Tunajua ni ukoo mmoja. Fanya vivyo kwa "analyse", "analysis", "analytical". Na uyatamke kwa sauti, maana mkazo huhama. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hubeba desturi hiyo hadi kwenye semina: "analysis" hukazwa kwenye "na", wengi wetu tunakaza "ly". Kamusi nyingi za bure mtandaoni zina alama ya spika, ibonyeze.

Tafsiri usiiache. Unapokutana na neno mara ya kwanza, maana ya Kiswahili ndiyo njia fupi kuliko zote, na hao wa jaribio la Marekani walijifunza kwa tafsiri. Iandike kwa penseli pembeni. Ukishaweza kujaza pengo mara tatu bila kukosa, ifute, kisha fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, ile yenye sentensi za mifano, uone neno lina majirani gani wengine.

Wiki hii chukua insha uliyorudishiwa. Kila neno lililopigiwa mstari, litafute ndani ya makala za PDF mlizopewa, kwa kile kitufe cha kutafuta. Litakutokea katika sentensi mbili, tatu za watu wanaoandika taaluma yako. Nakili sentensi hizo, kisha andika upya sentensi yako ukizifuata. Neno lisilotokea kwenye makala hata moja ya muhula mzima, liache likae daftarini kwanza.