Matone ya kupima GMO kwenye unga: chupa hiyo inapima nini hasa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Nkuhungu, Dodoma, nina watoto wawili. Nyanya za soko la Majengo siku hizi zinakaa wiki mbili bila kuoza, na kuna matikiti hayana mbegu. Kwenye kikoba chetu kuna kaka analeta matone. Ukidondosha kwenye unga ukawa mweusi, anasema una GMO, yaani umetokana na mazao yaliyopandikizwa kinasaba. Sembe yangu iligeuka nyeusi. Anauza pia unga wa kusafisha mwili, shilingi elfu kumi na tano. Je, niache kuwapa watoto ugali? Na kwa nini hatuambiwi tunachokula, si haki yetu?

JIBU: Marahaba, mama. Watoto wape ugali, na hiyo elfu kumi na tano wanunulie mayai.

Chupa za namna hiyo nimeshaletewa tatu, zote iodini. Iodini ikikutana na wanga hugeuka bluu iliyokolea hadi nyeusi. Mwanafunzi wa sekondari hufanya jaribio hilo kwa kipande cha kiazi. Saga mtama wa lugugu aliokuwa akilima bibi yako, dondoshea: mweusi. Muhogo: mweusi. Mwambie kaka huyo alete unga wowote wa ugali ambao hautageuka, nami nitamlipa mimi. Kujua kama punje imepandikizwa kinasaba ni kazi ya maabara: vinasaba hutolewa kwenye unga, hunakiliwa mara mamilioni kwa mashine, kisha hutafutwa kile kipande kilichopandikizwa. Haifanyiki kwenye kisosi katikati ya kikao cha kikoba.

Kinachonichosha zaidi ni hii imani kwamba kila kikubwa, kinachong'aa au kisichooza upesi ni GMO. Nyanya zako ni chotara. Zamani wazalishaji wa mbegu walikuta mnyanya ambao matunda yake yaligoma kuiva, kwa hitilafu iliyojitokea yenyewe. Wakaukutanisha na nyanya ya kawaida, chavua kwa ua, wakapata mtoto anayeiva taratibu. Nyanya ya GMO ya kwanza iliuzwa Marekani mwaka 1994, na haikumaliza miaka minne sokoni. Tikiti lisilo na mbegu nalo mzazi wake mmoja ana seti nne za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), mwingine mbili, kwa hiyo mtoto anabaki na tatu, hesabu isiyogawanyika, na mbegu hazikomai. Ndugu yake ni baghala, mtoto wa punda na farasi: ana nguvu, hazai. Kuku wa kisasa pia wamepatikana kwa kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi.

Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini nimekutana na wakulima upande wa Kongwa waliokataa mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kwa sababu pakiti imeandikwa F1, wakaenda kununua punje za chakula zilizopakwa rangi. F1 maana yake ni kizazi cha kwanza cha chotara, basi. Ukiirudia kupanda mavuno hupungua kwa sababu sifa za wazazi zinatawanyika. Hakuna aliyeitia utasa.

Mahindi ya GMO yaliyowahi kuota Dodoma yalikuwa Makutupora, hapo hapo tunapopajua kwa zabibu. Lilikuwa jaribio lililoanza mwaka 2016 ndani ya uzio, mahindi yaliyotiwa kinasaba cha bakteria wa udongoni ili yastahimili ukame. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza lisitishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 serikali ikatangaza kuachana na majaribio hayo. Hayakufika soko la mahindi la Kibaigwa wala kwenye mashine yenu ya kusaga.

Kuhusu haki ya kujua, hapo niko upande wako kabisa. Ila swali lako ulielekeze panapostahili: vyakula vya paketi kutoka nje vyenye soya au mahindi. Zaidi ya asilimia 90 ya soya na mahindi ya Marekani ni GMO, na soya ya Brazil na Argentina ni hivyo hivyo. Umoja wa Ulaya unadai lebo kiambato kikizidi asilimia 0.9, Marekani yenyewe ilianza kulazimisha mwaka 2022. Mafuta yaliyosafishwa ni mtihani zaidi, kwani vinasaba karibu vyote vimeondoka na hata maabara hushindwa kuviona. Huko karatasi za kufuatilia mzigo tangu shambani ndizo kinga yako, na hizo ndizo za kuwadai waagizaji na TBS, Shirika la Viwango. Ile habari ya kibandiko cha tunda chenye namba inayoanza na 8 kuwa ni GMO uipuuze. Namba hiyo ilitengwa kwa GMO, lakini haikutumika madukani.

Sasa nikuulize mimi: huyo kaka amewahi kuwatajia sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu wa nafaka? Mwaka 2016, hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa mahindi yaliyoota kuvu, mengi yakiwa ya shambani kwao wenyewe, bila lebo wala kiwanda. Sumu hiyo haiui kwa kuvimbisha tumbo siku moja tu. Kidogo kidogo inaharibu ini. Moto wa ugali hauimalizi, na punje inaweza kuwa nayo ikaonekana safi. Nimekaa vikao vingi watu wakigombana kuhusu GMO, na nje gunia la mahindi yasiyokauka limewekwa chini kwenye udongo.

Kwa hiyo jioni hii mwaga karanga zako kwenye ungo. Ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu. Mahindi yakaushe juu ya turubai, magunia yakae kwenye chaga, na kabla ya kusaga yakoboe, maana sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Ulizobagua zifukie. Usiwatupie kuku, itarudi mezani kwako ndani ya yai na maini.