Gazania zangu zimegoma kuchanua, tatizo nini?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi niko Uyole, Mbeya. Mwezi wa 12 nilinunua miche 30 ya gazania kwa wauza maua wa barabarani nikapanda chini ya ukuta wa mbele ili ifunike udongo, maana mvua ikinyesha tope lote linarukia ukutani. Mwanzoni yalichanua balaa, ya njano na ya chungwa yenye michirizi, mpaka majirani wakaomba mbegu. Sasa hivi Julai ni majani tu, ua likitokea linabaki limejikunja kama mwavuli, na miche kama 6 imeoza katikati. Nimeweka samadi ya kuku, nikaongeza na urea iliyobaki kwenye mahindi, namwagilia kila jioni, lakini wapi. Halafu nyumba inaangalia kusini, sijui kama hiyo nayo inahusu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Inahusu sana, ulichokitaja mwishoni ndo jibu lenyewe. Ulipopanda Desemba jua letu huku lilikuwa limeelekea kusini likawa linaupiga ukuta wako wa mbele vizuri kabisa, ila kuanzia Machi huko linahamia kaskazini, kwa hiyo sasa hivi nyumba yenyewe imelikinga na hayo maua yanashinda kivulini kutwa nzima. Toka nje saa 6 mchana ukaangalie kivuli kinaishia wapi, nadhani utakuta kimepita tuta lako lote.

Gazania asili yake kusini mwa Afrika, ni jamaa ya alizeti, na ua lake linafunguka likipata jua tu, kukiwa na wingu au giza linajifunga. Kwa hiyo kule kujikunja sio ugonjwa.

Kuoza ndo umejitakia mwenyewe, usinune. Vuta jani moja la katikati kwenye shina lililonyong'onyea, likichomoka lenyewe na chini ni la kahawia linateleza, hilo limeoza kwa maji, ling'oe ukatupe mbali. Kumwagilia jioni kwa baridi hii ya Julai maji yanalala pale kwenye kikonyo mpaka asubuhi. Mwagilia asubuhi, tena udongo ukishakauka kidole kizima ndani. Na urea waachie mahindi, hapo unalisha majani tu.

Hayo mazima usiyahamishe sasa, subiri mwisho wa Agosti baridi ikilegea. Chimbua kichaka, kigawe kwa mkono kila kipande kibaki na mizizi yake, panda kando ya njia ya geti au popote penye jua, nafasi kama sentimita 30, tuta liinuke kidogo. Changanya na vile vijiwe vyepesi vya volkano ambavyo ukichimba huko kwenu unakutana navyo bure kabisa (mimi huku nanunua changarawe). Pale ukutani weka kokoto tu, tope halitaruka.

SWALI: Anti, niko Mafinga, sakitu (ule umande unaoganda kwa baridi) imebabua gazania zangu zimekuwa nyeusi kama zimemwagiwa maji ya moto. Ning'oe?

JIBU: Usiguse. Hayo majani yaliyokufa ndo blanketi la machipukizi ya chini. Kata Septemba, na ukiona kijani kwenye shina basi ipo hai.