Kamera inazimika katikati ya hafla: niongeze betri au kuna mahali nakosea?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Napiga picha za hafla kwa kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless). Nina betri mbili, na flashi ya juu inayotumia betri ndogo nne. Juzi nilikuwa na shughuli ya muda wa saa 6. Betri ya kwanza iliisha hata hatujafika katikati, na nilikuwa nimepiga picha 300 tu. Ya pili ilikuwa inasoma asilimia 58 hotuba zilipoanza, mara kamera ikazimika. Nikaiwasha, ikawaka, nikapiga picha mbili tatu, ikazimika tena. Kitabu cha kamera kinasema betri moja inatoa zaidi ya picha 700. Je, ninunue betri zaidi, nipunguze flashi, au kuna mahali nakosea? Na ni kweli kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe?

JIBU

Pole sana, ndugu yangu. Kamera kukuzimikia mtu akiwa ameshika kipaza sauti ni jambo linalouma, maana hotuba hairudiwi. Betri zako mbili zina shida mbili tofauti, kwa hiyo nitazijibu moja moja.

Tuanze na ya kwanza. Picha 300 hazikuimaliza hiyo betri. Chukua kwamba ulikuwa unapiga kwa 1/125 ya sekunde: picha zote 300 ukizijumlisha, shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, lilifunguka kwa muda usiofika sekunde 3. Kilichokula betri ni dakika zote ambazo kamera ilikuwa macho ikikusubiri. Kamera za zamani zenye kioo hukuonyesha unachopiga kwa mwanga wenyewe kupitia lenzi, na hiyo haigharimu umeme wa maana. Kamera kama yako kila ikiwa macho huwa na sensa (kipande kinachonasa picha) inayofanya kazi, prosesa inayochakata na skrini inayowaka, upige usipige. Angalia namba hizi: Nikon D850, yenye kioo, ilitoka na betri ya mAh 1,900 (kipimo cha ujazo wa betri) na inakadiriwa picha 1,840. Sony a7 III, isiyo na kioo, ina betri kubwa zaidi, mAh 2,280, na inakadiriwa picha 710 ukitumia skrini, 610 ukichungulia kwenye kidirisha cha juu.

Makadirio hayo hupimwa kwa kanuni ya CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, ambapo picha hupigwa moja kila baada ya sekunde 30 katika joto la nyuzi 23. Mwendo wa hafla hauko hivyo. Mpiga picha anayefyatua mfululizo anaweza kuipita namba hiyo mbali sana kwa betri ileile, na anayekaa saa nzima kamera imewaka akisubiri tabasamu moja asiifikie hata nusu. Kwa hiyo acha kuhesabu picha, anza kuhesabu dakika.

Sasa, dakika hizo zinavuja wapi? Mahali pa kwanza ninapopaangalia ni kifuani kwa mpiga picha. Kando ya kidirisha cha kuchungulia kuna kihisi kidogo kinachotambua jicho limesogea. Ukiining'iniza kamera shingoni, mgongo wake unagusa shati, na kihisi kinadhani shati ni jicho. Kidirisha kinawaka, na katika kamera nyingi hali hiyo huizuia kamera isilale. Mimi nililigundua hili ukumbini taa zilipopunguzwa: nilitazama chini nikaona mraba mdogo wa mwanga ukitetemeka juu ya kifungo cha shati langu. Nikainua kamera kidogo, ukazimika. Nikaiachia, ukawaka. Siku nyingi nilikuwa nalaumu betri. Dawa yake ni mkanda wa begani, kamera ikae ubavuni lenzi ikitazama chini na mgongo wake usikuguse, au uchague kwenye menyu kutumia kidirisha peke yake ama skrini peke yake.

Baada ya hapo weka muda wa kulala uwe sekunde 30 au dakika moja. Wengi huogopa kwamba kamera ikilala watakosa tukio. Zoea kubonyeza kitufe cha kupigia nusu pale unapoanza kuinua kamera. Ikifika jichoni imeshaamka. Kuizima kwa swichi baada ya kila picha sikushauri, kwa sababu kuwaka upya huchukua muda mrefu kidogo kuliko kuamka, na kamera nyingi hutikisa sensa kupangusa vumbi kila unapozima au kuwasha. Ila kama unajua dakika 20 zijazo hakuna cha kupiga, izime kabisa.

Mengine ni ya menyu na hayahitaji maneno mengi. Zima picha inayojitokeza kwenye skrini baada ya kupiga. Zima fokasi inayotafutatafuta hata kabla hujabonyeza kitufe. Punguza kasi ya kidirisha kutoka fremu 120 hadi 60 kwa sekunde. Washa hali ya ndegeni, ili Wi-Fi na Bluetooth zikae kimya. Kuna kamera zinazoendelea kuwasiliana na simu hata zikiwa zimezimwa ndani ya begi, ukazikuta asubuhi zimepungua chaji. Kitulizi cha mtikisiko mimi sikizimi ninapopiga kwa mkono, kinakula umeme kweli, lakini picha iliyotikisika haina faida kwa mteja hata kama betri imebaki.

Flashi yako haina hatia kwa upande wa kamera, kwa sababu ina betri zake. Lakini na yenyewe ina njaa yake. Ukipiga kwa ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya 400 na flashi ikatoa nguvu yote, panda hadi ISO 1600: sasa flashi inahitaji robo tu ya nguvu ile kwa mwangaza uleule, itajaa upesi na betri zitadumu mara kadhaa zaidi. Tumia betri za NiMH za kuchaji badala ya zile za alkali za kutupa. Ya kutupa imeandikwa volti 1.5 na ya kuchaji 1.2, na ndiyo maana watu hudhani ya kutupa ina nguvu zaidi. Flashi inapojijaza huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na hapo ya kutupa huzidiwa, volti zinashuka, unabaki kusubiri taa ya utayari. Zipange nnenne, zitumike pamoja na kuchajiwa pamoja. Moja iliyochoka huzivuta chini zote.

Sasa ile ya asilimia 58, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi. Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wake wa ndani unaongezeka. Kamera ikiwa imetulia, volti zinaonekana nzuri na asilimia inasoma vizuri. Ukianza kufyatua, lenzi inasukuma fokasi, kadi inaandikwa, mzigo unapanda ghafla, volti zinaporomoka chini ya kiwango ambacho kamera inakikubali, nayo inajizima ili ijilinde. Ikipumzika kidogo volti zinapanda tena, ndiyo maana ikawaka kwa picha mbili tatu. Dalili hiyohiyo huonekana kwenye betri za bei ya chini zenye chipu isiyohesabu chaji sawasawa. Pima nyumbani: chaji betri zote mbili zijae, ondoa muda wa kulala, acha kamera imewaka skrini ikionyesha, na kila baada ya dakika tano fyatua mfululizo wa picha kumi. Andika dakika ambazo kila betri imedumu. Ukikuta moja inazimika mapema sana huku bado inasoma chaji nyingi, iondoe kazini. Kamera za Nikon zinazotumia betri aina ya EN-EL15 zina ukurasa wa menyu unaoonyesha umri wa betri, 0 ikiwa mpya na 4 ikiwa imefika mwisho. Tazama kama yako ina kitu kama hicho.

Kuhusu kununua: ndiyo, mbili ni chache, lakini jua idadi kwanza. Katika hafla ijayo, baada ya kurekebisha niliyokueleza, pima betri nzima inakupa dakika ngapi za kazi halisi. Tuseme ni 110. Shughuli ya dakika 360 inataka betri nne, na mimi ningeongeza ya tano kwa sababu hafla huchelewa. Usisubiri yoyote iishe. Kabla ya jambo kubwa kuanza, kama iliyomo iko chini ya asilimia 40, itoe uweke iliyojaa. Ile nusu utaitumia baadaye watu wakiwa wanakula au wakiagana. Zima kamera kwanza, subiri taa ya kadi izimike, ndipo ufungue mlango wa betri. Zilizojaa zikae mfuko wa kulia, zilizotumika wa kushoto, kila moja na kifuniko chake, kwa sababu funguo ikigusa vituo viwili vya betri kwa pamoja huweza kuichoma. Zibandike namba kwa utepe. Bila namba hutajua ni ipi iliyokuangusha.

Ukifikiria pawabenki, usigawanye mAh kwa mAh. Ya mAh 20,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zake, ni kama Wh 74 (wati-saa, yaani umeme wote uliomo). Betri ya Sony NP-FZ100 ina Wh 16.4. Kwenye karatasi unapata nne na nusu, ila umeme hupotea unapobadilishwa, tegemea tatu. Mimi huitumia na chaja ya USB iliyo ndani ya begi. Kutembea kwenye umati na waya umechomekwa ubavuni mwa kamera ni kualika tundu la USB livunjike.

Na hapana, usimalize betri ndipo uchaji. Hilo lilitoka enzi za betri za nikeli-kadimi. Ya lithiamu haikumbuki chochote, ichaji wakati wowote ikiwa nusu. Inachochukia ni joto: ndani ya gari lililoegeshwa juani inazeeka haraka, hasa ikiwa imejaa. Kwenye baridi inalegea kwa muda tu, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili itarudi. Kama hutaitumia wiki kadhaa, ihifadhi ikiwa na chaji karibu nusu. Na kabla ya kuirudisha hiyo ya asilimia 58 kwenye kamera kwa ajili ya kipimo, ilaze juu ya meza ya kioo uone kama inayumba. Ikiyumba imevimba: usiichaji tena wala usiisukume kwa nguvu mlangoni, ipeleke wanakopokea betri chakavu.