Barua kwa mwanangu: dawa tamu ya choo na sukari ya shangazi

Lindi

Mwanangu,

Umeniuliza kama laktulosi, dawa ya choo kigumu aliyopewa shangazi yako wa Newala mwenye kisukari, itampandishia sukari, maana ameionja, akaikuta tamu, akaikataa. Mwambie ainywe. Kwa dozi ya kutibu choo kigumu haitikisi sukari kwa kiasi cha kuogopesha.

Laktulosi ni sukari kweli, galaktosi na fruktosi zilizoshikana, ila utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuziachanisha, na zisipoachana haziingii kwenye damu. Huteremka mpaka utumbo mpana, bakteria huzichachua zikawa asidi, maji yakavutwa, choo kikalainika. Gesi na tumbo kunguruma siku za mwanzo hutokana na uchachu huohuo.

Kinachofika kwenye damu ni masalia ya utengenezaji. Katika mililita 15, zenye gramu 10 za laktulosi, galaktosi haifiki gramu 1.6, laktosi haifiki 1.2, na sukari nyingine hazizidi 1.2. Zote pamoja hazifiki gramu 4, yaani kijiko kimoja cha chai cha sukari. Vitumbua vyake vya asubuhi vinazidi hapo, na hivyo sijasikia akivikataa.

Aanze na mililita 15 mara moja kwa siku, apime kwa kifuniko cha dawa, si kwa kijiko cha mezani, na anywe maji ya kutosha. Apime sukari kabla ya kula asubuhi na saa mbili baada ya kula, siku tatu kabla ya kuanza na siku tatu baadaye, akila vilevile. Akipima mara moja tu, ugali wa muhogo utaponza dawa.

Ninachokihofia mimi ni haraka. Dawa hii huchukua siku moja hadi mbili kufanya kazi. Mtu akiona kimya usiku wa kwanza huongeza dozi, kesho anaharisha. Hapo maji na potasiamu vinapotea, figo zinaelemewa, hasa kama anatumia vidonge vya kukojoza, na kama anatumia metformini ya kisukari, hiyo hujikusanya mwilini. Asipokula huku ametumia insulini au glibenklamidi, sukari inaanguka. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, apewe sukari mara moja. Akiharisha, asimamishe laktulosi na ampigie daktari kuhusu hizo nyingine.

Wagonjwa wa ini ambao ugonjwa umewachanganya akili ni habari nyingine: wao hupewa mililita 30 hadi 45, mara tatu au nne kwa siku. Masalia yale yakijumlishwa yanakuwa sukari ya kuhesabiwa, na kipimo cha damu kifuatiliwe kwa karibu.

Juisi ya ukwaju wanayomshauri majirani italegeza choo, sikatai, lakini huko ndiko sukari inakomwagwa kwa kikombe. Bora kunde, mbaazi na kisamvu.

Tumbo likivimba, akatapika, hata ushuzi hautoki, asinywe dawa yoyote ya choo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akiona damu kwenye choo pia.

Na uniangalizie vidonge vyake vyote. Kama miguu yake inawaka moto na amepewa amitriptilini, hiyo hufunga choo. Vidonge vya madini ya chuma pia. Kisukari cha muda mrefu chenyewe huharibu mishipa ya fahamu ya utumbo. Asiache kidonge kwa kuamua mwenyewe. Viwekeni vyote kwenye mfuko mmoja, muende navyo kliniki.

Mama yako