Farasi wa miaka 2 akishinda mara moja

Hongera sana, ndugu yangu wa Njoro. Umeuliza kama farasi wako wa miaka 2, aliyeshinda mita 1,000 kule uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, apelekwe mbio ndefu sasa hivi. Ngoja kwanza. Wafuatilie aliowashinda: wakitoka tena wanashinda, au wanaburuta mkia? Tazama pia mita 200 za mwisho, kama alinyoosha hatua mwenyewe au alichapwa hadi mstarini. Mbio moja hazisemi yote: farasi Secretariat wa Marekani alianza kwa nafasi ya nne, 1972. Mwaka uliofuata akashinda mbio ndefu za Belmont kwa urefu wa farasi 31! Na kila asubuhi mpapase farasi wako goti la mbele. Ukihisi joto, mpumzishe hata kama hachechemei, maana mifupa ya umri huo bado inakomaa.