Sweta ya shule na mkanda wa mashine

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mtoto wa shule anayefanya kibarua jioni au likizoni, hatari kubwa inamtokea wapi?" Mimi nasaga posho hapa Busia, Uganda, na kidole changu cha shahada hakina ncha, basi nina haki ya kujibu.

Nilikuwa na miaka 15. Nikitoka darasani saa kumi nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine, sare mwilini. Mkanda wa kutoka kwenye injini hadi kwenye kinu ulikuwa wazi, bila kifuniko. Siku hiyo niliinama kufagia unga uliomwagika, mkanda ukadaka mkono wa sweta. Kilichoniokoa ni umaskini: sweta ilikuwa kuukuu, ikachanika. Ingekuwa mpya, mkono wote ungekwenda. Mwenye mashine aliuliza kwanza kama damu imeingia kwenye unga.

Watu husema watoto ni wazembe. Mimi sikuwa mzembe, sikuonyeshwa. Mtu mzima akiambiwa "ingiza mkono hapo" atauliza kwanza kama injini imezimwa. Mtoto haulizi. Anaona haya, karo inamngoja, na anayemtuma ni baba mdogo au jirani. Tena huchaguliwa yeye hasa kwa sababu mkono wake ni mwembamba, unafika pasipofika mkono wa mkubwa.

Hatari nyingine hata hazionekani. Kule Tiira kwenye machimbo ya dhahabu, zebaki ya kunasia dhahabu ikichomwa kwenye sufuria moshi wake unaingia kichwani, na ubongo wa mtoto bado unakua. Kwa wachomeleaji vyuma, kijana hushika bomba bila miwani. Mchana anacheka, usiku macho yanamwasha kama yametiwa mchanga.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza mtoto kuajiriwa kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yaliweka umri wa kuajiriwa kuwa miaka 16. Lakini umeme ukikatika mchana tunasaga usiku, na chapati huuzwa zaidi giza likiingia. Hapo ndipo mtoto wa shule anapopata nafasi, maana mchana yuko darasani.

Mashine yangu nimeifunika mkanda kwa bamba la chuma na wavu. Fundi hakuniacha salama kwa bei, lakini kidole ni ghali zaidi. Likizo hii nina kijana wa miaka 17. Anapima mahindi na kuandika daftari, basi, na sweta anaitundika mlangoni kabla hajaingia. Mama yake amekuja kulalamika: mwenzake anayebeba matofali analipwa zaidi. Nimemwongeza kidogo. Kwenye mkanda simpeleki.

Msomaji, Busia